Kabureta ya Skrubu Tatu

Wanangu walikuwa wamenipa hadi Jumamosi: gari la zamani la Kiingereza aliloacha baba yao lisipowaka, linauzwa chuma chakavu. Nikaenda mwenyewe duka la spea, Temeke, kutafuta kabureta nyingine, maana ya zamani haikupitisha tena petroli kwenye injini.

Muuzaji aliniamkia vizuri, kisha akaweka juu ya kaunta kabureta yenye kofia ya duara kama kengele. "Orijino ya Mwingereza hii, bibi. Haina mwenzake mjini."

Nikaigeuza, nikapitisha kidole juu ya kofia. "Hii ya Mjapani."

Mafundi waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi, kabureta si sufuria."

"Sufuria anakuoshea mkeo, baba. Hizi mie nimemwoshea mume wangu kwa petroli na mswaki mpaka kucha zikaoza. Kofia ya Mwingereza kwenye gari langu hukazwa kwa skrubu tatu. Mjapani aliiga umbo, akaweka nne. Hesabuni."

Muuzaji akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena. Kisha akaniuliza:

"Bibi, ufundi umesomea wapi?"

"Niliishia darasa la pili. Kuhesabu hadi nne tulishafika."

Akainama chini ya kaunta, akaibuka na nyingine iliyojaa vumbi. Skrubu tatu.

Wasomaji wangu, anayeiga hakosi kuongeza kitu chake. Akikusifia umbo, wewe hesabu.

Gari liliwaka Ijumaa kwa kishindo, kuku wa jirani wakatawanyika. Sasa wanangu wanagombania kuliendesha. Ufunguo nimeufunga pindoni mwa kanga yangu.