Siku Ambayo Gurudumu Halizunguki

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimeingia London nikiwa na miaka minane, nimeacha shule nikiwa na kumi na tano, nimefagia soko, nimepandisha makochi ghorofa ya tano lifti ikiwa mbovu, na leo nina vani saba uani kwangu Thornton Heath, zote zimelipiwa, wala hakuna mwenye digrii aliyenishika mkono. Basi ndugu yangu unayesoma, usinicheke nikikwambia kwamba kuna siku moja katika mwaka ninaiogopa kama mtoto.

Siku yenyewe ni tarehe kumi na moja Novemba. Wafanyakazi wangu wanaijua kwa jina la siku ya ukaguzi. Wanakuja, wanalipwa, wanakunywa chai, wanaangalia tairi na oili, na hakuna anayetoka getini. Mwaka huu mteja wangu mkubwa, mwenye ghala la samani Croydon, akanipigia simu: anataka mzigo wake wote usambazwe siku hiyohiyo, la sivyo anatafuta mtu mwingine. Na huyo mteja ndiye nusu ya biashara yangu. Nikasema sawa. Nilipokata simu nikatoka nje. Uani majani yalikuwa yameoza kwa mvua, na harufu yake ikanichukua mzimamzima mpaka Kilburn, mpaka kwenye ngazi za yule mama mwenye nyumba.

Tulipanga vyumba viwili vya juu, baba, mama na mimi. Chini aliishi mwenye nyumba mwenyewe, mjane wa kutoka Ayalandi, mwembamba, mikono myekundu kwa sabuni. Nyumba ilikuwa na harufu mbili tu: kabichi yake ikipanda juu na iliki ya mama ikishuka chini, zinakutana pale katikati ya ngazi nilipopenda kukaa. Mita ya gesi ilikula sarafu kuliko sisi tulivyokula nyama.

Yule bibi alikuwa na sikukuu ambazo sikuziona kwenye kalenda yoyote ya Waingereza. Majani yakianza tu kugeuka rangi, naye anaanza. Mwisho wa Septemba alinikataza kuchuma yale matunda meusi ya miibani kando ya reli, maana kuanzia siku hiyo shetani ameshayatemea mate. Mwisho wa Oktoba alioka mkate wa zabibu, ndani kaficha pete, sarafu na kitambaa. Ukipata pete utaoa, ukipata sarafu utatajirika, ukipata kitambaa umekwisha. Mimi nilikula vipande vitatu nikitetemeka, nikapata zabibu tu. Kisha usiku wa roho za wafu aliweka viti mbele ya moto na kutaka mlango wa mbele usifungwe, ili marehemu wake waingie wajipashe joto.

"Mlango wazi, Kilburn hii?" mama alimwambia baba kwa Kiswahili. "Wafu hawaibi, najua. Na walio hai je?" Akasoma dua zake zote, akashuka kimyakimya, akatia komeo.

Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya Novemba, siku ya mtakatifu wao. Usiku wa kuamkia, bibi alipaka tone la damu ya kuku kwenye kizingiti. Hapo mama hakubisha. "Hili nalijua," alisema, "hata kwetu Tanga nyumba huchinjiwa." Halafu asubuhi lilikuja lile sharti: siku hiyo gurudumu lolote lisizunguke, maana mtakatifu huyo, alisema, aliuawa na gurudumu la kinu. Cherehani yake aliifunika shuka kama maiti. Waingereza mtaani walisimama kimya dakika mbili, ua jekundu kifuani, kukumbuka askari wao. Yeye alisimama siku nzima.

Na baba yangu, ndugu yangu, alikuwa dereva wa teksi.

Bibi alimzuia mlangoni. Akamsimulia habari za mtu wa kijijini kwao aliyepeleka ngano kusaga siku hiyo. Gari lake la punda lilirudi, yeye hakurudi. Baba alicheka mpaka kofia ikakaa upande.

"Bibi, mimi nimeendesha lori Tanga mpaka Korogwe halina breki. Leo nitishwe na mtakatifu ambaye hata hatufahamiani?"

Akaondoka. Nikasikia gari likiwaka, likapiga kona, sauti ikapotea. Shuleni siku ile sikuandika hata neno moja. Mwalimu aliuliza naumwa wapi nikasema tumbo. Jioni nikakaa kwenye ngazi. Novemba ya huku unaijua, saa kumi tu giza limeshaingia. Kila gari lililopita nililisikiliza kwa shingo nzima. Nikapanda juu, nikamkuta mama anasukuma chapati, nikamsihi aache, maana kile kifimbo nacho kinazunguka.

"Ushindwe!" alisema mama. "Nikiacha utakula nini, gurudumu?"

Lakini nilimwona akichungulia dirishani na unga mikononi. Chini bibi alikuwa ameshika tasbihi yake, juu mama ameshika yake. Hawakuwa wa dini moja, lakini siku ile walikuwa wakimwombea dereva mmoja.

Baba alirudi amechelewa, na alirudi mzima, akipiga mluzi. Mama akamfokea kwa furaha. Mimi nikatoka mbio nje bila viatu kulitazama gari, sijui nilitaka kuona nini, damu labda. Niliweka mkono kwenye boneti. Lilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Gari lililotoka kazini haliwi hivyo. Nikageuka, baba amesimama nyuma yangu, koti linanuka vitunguu vya kukaanga vya ule mkahawa wa mtaa wa pili.

Akachuchumaa. "Mama yako akiuliza, abiria walikuwa wachache."

"Kumbe uliogopa, baba?"

Akatazama dirisha la juu kwanza. "Kwa mwoga huenda kicheko, bwana mdogo, na kwa shujaa huenda kilio. Ingia ndani, utapata homa."

Sijawahi kumwambia mtu habari hii mpaka mwaka huu.

Maana siku ilipofika, dereva mmoja aliamka na homa, na binti yangu, anayeshika ofisi yangu, akachukua funguo za vani ya saba. Nilimwambia aache, mzigo huo utangoja. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mteja haachwi kwa ajili ya tarehe. Akatoka getini mvua ikinyesha, barabara inateleza kwa majani, na mimi mwenye vani saba nikabaki uani peke yangu kama nimefiwa. Saa tatu na robo nikasikia king'ora cha gari la wagonjwa kule barabara kuu. Nikashika simu nikawapigia wote, mmoja mmoja, nikaanza na binti yangu. Simamisha gari. Hapo hapo ulipo.

"Bosi, hapa pana mistari miwili myekundu, ni marufuku kusimama!" alilia dereva wangu wa siku nyingi, mtu wa Mwanza.

"Hata ingekuwa ya kijani, zima!"

"Kuna mtu wa faini ananitazama, bosi. Anatabasamu kabisa."

"Msalimie. Zima."

Binti yangu aliingia ofisini amelowa, amekuja kwa tramu na basi, midomo imefura kwa hasira. "Baba, hata tramu ina magurudumu."

"Hayo si yangu," nilimwambia.

Alivua koti, akanitazama. Akavuta kiti. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza, nini kimetokea. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Hakucheka. Aliuliza tu yule mwenye nyumba alikuwa mtu wa namna gani, na babu yake alinuka vitunguu kweli au naongeza chumvi.

Nyumba ile ya Kilburn sasa ina kengele kumi mlangoni na hakuna anayemjua wa pembeni yake. Yule bibi mwenye nyumba alizikwa kwao Ayalandi. Baba alifia kitandani, mzee, gari lake limeegeshwa vizuri nje. Mama naye hayupo. Ule mkate wa zabibu siuoni dukani wenye kitu ndani, na hakuna tena anayefunika cherehani. Tumebaki watu wawili London hii tunaoijua siku ile, mmoja wetu tangu Novemba hii tu.

Mteja alinitukana, kisha akabaki, kwa sababu hakuna mwingine anayeshusha kabati lake bila mkwaruzo. Lakini fidia alidai. Nikijumlisha fidia yake, faini za maegesho na nauli ya binti yangu, imenigharimu pauni elfu tatu mia mbili na kumi na nne, na peni sabini na tano.