Kitabu cha Kuku Juu ya Kabati

Nisameheni kwanza kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazozikosea. Shule niliishia ya msingi tu, na kalamu yangu haina haraka.

Tulihama Unguja baada ya Mapinduzi, mimi na shangazi yangu, tukapanga nyumba Ilford, kwa Waingereza. Jirani yetu alikuwa bibi wa Kiyahudi aliyeandika vitabu vya watoto. Alijua kuwa nina haya, kwa hiyo alizoea kuzungumza peke yake nami nikiitikia kwa kichwa.

Siku moja alipiga hodi akiwa na kitabu chake kipya. Mlangoni kikamponyoka. Akakiokota na kukibusu, kama wafanyavyo Wayahudi kitabu cha dini kikianguka. Mazoea tu.

"Kisome," aliniambia. "Jumapili nitakuja uniambie ulicheka wapi. Kama hukucheka, naacha kuandika, nafuma soksi."

Alitabasamu, lakini kitabu hakukiachia upesi.

Shangazi hakujua Kiingereza, ila kile kibusu alikiona. Nasi msahafu ukianguka tunaubusu. Akakipokea kwa mikono miwili. Jalada lilikuwa na herufi za dhahabu za Kiebrania, na kitabu kilifunguliwa kutoka kulia, kama msahafu.

"Hiki kitabu kitukufu cha watu," alisema.

"Shangazi, ni cha watoto."

"Hata juzuu ya msahafu ni ya watoto, na hatuigusi hivi hivi. Una udhu wewe?"

Sikuwa nao. Akakifunga kwa kanga mpya, akakipandisha juu ya kabati, akakifukizia udi. Nikaenda kutawadha. Niliporudi akasema mikono yangu ingali inanuka samaki. Kesho yake akasema kitabu cha dini ya watu hakisomwi bila mwalimu wao.

Jumapili ikafika sijafungua hata jalada. Bibi akaketi, kikombe cha chai mkononi.

"Haya, ulicheka wapi?"

Nikanyoosha kidole juu ya kabati. Akatazama kanga, akatazama chetezo. Nikamweleza kwa kugugumia, nikidhani atalia. Akacheka hata chai ikamwagika.

"Wapo walionitupa kwenye pipa la taka," alisema. "Juu ya kabati sijawahi kufika!"

Akakishusha, akasoma kurasa za Kiingereza zilizokabiliana na za Kiebrania, mimi nikamfasiria shangazi. Kilikuwa kisa cha kuku aliyekataa kutaga Jumamosi kwa kuwa ni siku ya mapumziko ya Kiyahudi. Jogoo naye akagoma kuwika, kijiji kizima kikalala hadi adhuhuri, na aliyekoroma kuliko wote alikuwa rabi, mwalimu wao wa dini.

Shangazi alijizuia kwa heshima mpaka tulipofika kwa rabi. Hapo akaangua kicheko, mtandio ukamtoka kichwani.

"Mwambie, kuku wangu wa Unguja walikuwa wakipumzika wiki nzima!"

Nikafasiri. Bibi akaomba kalamu upesi, akaliandika hilo kiganjani. Kisha akanigeukia.

"Na wewe je?"

Nilikuwa nikicheka tangu mwanzo, lakini kimya kimya, kwa mabega tu. Nikamwambia hivyo. Akanishika mkono.

"Basi soksi zitangoja," alisema.

Siku ile niliona jinsi anavyokaa mtu aliyeandika akingoja jibu. Leo nimeandika mimi. Tafadhali niandikieni mniambie mlicheka wapi. Kama hamkucheka niandikieni pia, ila mniambie taratibu, maana mimi kufuma sijui.