Kipa Mgeni Alipochukua Namba Yangu

Bado naiona siku ile, mwanangu, siku tajiri alipokuja kuichukua timu yetu. Nilikuwa kijana, kipa wa timu ya Mchafukoge, na mchana niliuza vyombo vya plastiki Kariakoo, kwenye duka la mjomba wangu. Jioni tulifanya mazoezi Jangwani. Mvua ikinyesha uwanja unageuka bwawa, tunarudi nyumbani viatu mkononi. Ligi kuu tulikuwemo kwa kubahatisha tu. Tukitoka sare na timu kubwa, mtaa mzima ulipika pilau.

Tajiri mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa Kilimanjaro, na sote tulimwita Mangi. Hakuwa mtu mbaya, nakuambia ukweli. Alitununulia jezi mpya, akatutafutia uwanja wa nyasi, akahakikisha tunakula vizuri baada ya mazoezi. Kisha akasimama mbele yetu pale klabuni akasema, "Vijana, mimi sikuja kutafuta sare. Nataka kombe." Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Haukupita muda, wageni wakaanza kushuka. Mshambuliaji kutoka Zambia, beki kutoka Ghana, na kipa kutoka Lubumbashi, jina lake Kalala. Mrefu, mpole, Kiswahili chake kina ladha ya kwao. Mechi ya kwanza tu, nikajikuta benchi.

Iliniuma, wewe acha tu. Nikafungasha viatu vyangu, nikaenda kumuaga kocha wetu, Mwalimu Athumani, mzee wa Lindi asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, Mwalimu. Naondoka."

"Marahaba. Unaenda wapi?"

"Naenda kwenye timu inayonithamini."

"Huko hawana kipa?"

Mwalimu akaniketisha. Akaniangalia, akasema, "Umetolewa golini, hujatolewa kwenye mpira. Yule Mkongo anaifuata krosi, wewe unaganda kwenye mstari. Kaa naye. Ukishajua anachokijua yeye, nenda unakotaka."

Nikabaki, ingawa uso ulikuwa umekunjamana. Kalala ndiye aliyeanza kunisogelea. Siku moja mazoezini alinishika bega, akanionyesha namna ya kupanga miguu kabla ya kuruka. "Jaribu tena, kaka," akawa ananiambia. "Tena." Hakuwa na uchoyo hata chembe. Haukupita mwezi tukawa tunakula sahani moja.

Sasa sikiliza. Tulicheza na timu moja ndogo, na kila mtu alishahesabu ushindi. Dakika za mwisho mpira mwepesi ukamponyoka Kalala, ukaingia golini. Sare. Sare ile ile, mwanangu, tuliyokuwa tukiipikia pilau! Tuliporudi klabuni, mashabiki wetu wenyewe wakajaa nje, wengine na mawe mkononi, wanaliimba jina langu. "Mtoeni Mkongo! Namba apewe mtoto wa nyumbani!" Wachuuzi wa barabarani wakaanza kukusanya bidhaa zao.

Ndani, Kalala alikuwa amejifunika taulo kichwani. "Kaka, wananitaka mimi," akasema taratibu.

Sikufichi, kusikia jina langu likiimbwa kulikuwa kutamu. Lakini nikamtazama yule mtu. Mji mzima huu hana mama, hana mjomba, ana sisi tu. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Twende."

Mlango ulipofunguka kelele zikazidi. Mpagazi mmoja, Sudi, shabiki wetu wa siku zote, akanikabili. "Unamlinda mtu aliyekunyang'anya namba?"

"Hajaninyang'anya. Tunaigombea mazoezini," nikamjibu. "Anayetaka kumpiga aanze na mimi. Halafu Jumamosi utadaka wewe, Sudi."

Mtu mmoja akacheka. Wakacheka wengine, na Sudi mwenyewe akaishia kucheka. Wakatupisha. Tulitembea mkono kwa mkono katikati ya mikokoteni mpaka chumbani kwake.

Kesho yake Mangi akaniita dukani kwake. "Nimrudishe kwao, udake wewe?"

"Namba naitaka, Mangi. Lakini niipate kwa kudaka, nisipewe na kelele za watu."

Akanipa mkono. "Basi mtabaki wote wawili."

Na niliipata, msimu uliofuata, kwa sababu sasa krosi nilizifuata. Kombe tulilichukua mara moja. Baadaye Mangi alichoka na mpira, akaja tajiri mwingine na wageni wengine. Kalala alioa Ilala, na watoto wake wananiita baba mkubwa. Mimi mpaka leo nafundisha makipa, na mengi ninayofundisha ni ya Kalala.

Basi mwanangu, nimesikia timu yako nayo imepata tajiri, maproo kutoka nje wanashuka, na wewe umesogezwa benchi. Usimchukie aliyesajiliwa, maana hakujisajili mwenyewe. Kaa karibu naye, ujue kwa nini walimfuata huko mbali. Tajiri akidai makubwa, usinune. Nawe dai makubwa kwako mwenyewe. Na siku watu watakapokuimba ili kumdhalilisha mwenzako, usiwaitikie. Msimamie, hata kama amekaa kwenye nafasi unayoitaka.

Nenda mazoezini, usichelewe. Mungu akulindie magoti na mikono yako, akupe wenzako wa kweli ndani ya jezi na nje ya jezi, na uzee wako uwe mtamu kama huu wangu.