Matofali Yenye Nyota

Mama Angèle wa mtaa wa Kikula ana mkono mzito wa kukanda unga na mdomo mwepesi wa kusema, na sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichompa jina zaidi. Alizaliwa hapahapa Likasi, kwa wazazi waliotoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, na kwa miaka ishirini na kitu sasa anauza mikate. Mtu akinunua mkate wake mmoja apeleke nyumbani, mara nyingi anafika na nusu. Wateja wakimuuliza siri, huwaambia iko kwenye unga. Anawadanganya. Siri ilikuwa uani, kwenye tanuri lake, lililojengwa kwa matofali mazito ya rangi ya chai ya maziwa, kila moja na nyota ndogo iliyogandamizwa ubavuni.

Nyota hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima mumewe usingizi.

Ilikuwa alama ya Briqueterie, kiwanda cha upande wa Panda kilichotengeneza matofali ya kustahimili moto kwa ajili ya kuyeyushia shaba. Baba Isidore alifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda hicho miaka kumi na tisa. Ilipojulikana kwamba kiwanda kinafungwa, alianza kutoka kila siku na matofali mawili, chini ya sahani yake ya chakula, ndani ya mfuko wa turubai. Langoni wafanyakazi wote walipekuliwa wakitoka, lakini mlinzi naye alikuwa na nyumba ya kumalizia. Miezi sita baadaye kiwanda kilikuwa kimekufa, na Mama Angèle alikuwa na tanuri.

Wala hakuwa peke yake. Nusu ya Kikula ilikuwa na nyota. Matofali yalikaa juu ya mabati yasiondoke na upepo, yalishika sufuria wakati wa kusonga bukari, yaliinua vitanda. Pipa la maji la jirani yao Mathilde lilisimama juu ya manne. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Lakini Baba Isidore, alipookoka na kufanywa shemasi, aliwaeleza watu wa kanisa kwamba yake yalikuwa zawadi ya kampuni, ya kumuaga. Mkewe alisikia, akajifanya anatafuta ukurasa kwenye Biblia.

Mwaka jana kampuni ndogo ilikodi kile kiwanda. Siku hizi hakuna anayehitaji matofali ya kuyeyushia shaba, ila kila nyumba inapikia mbabula, yaani jiko la makaa, na makala, kama tunavyoyaita hapa, yamepanda bei mpaka watu wanayahesabu kama mayai. Hao walitaka kutengeneza mbabula zenye udongo wa kuchomwa ndani, zinazokula nusu ya makala. Mkuu wao, injinia Hervé kutoka Lubumbashi, aliajiri watu thelathini. Mmoja alikuwa Glodie, binti ya Mama Angèle, aliyesomea kemia na kukaa miaka minne na diploma yake ndani ya bahasha.

Wenye kampuni walimpa Hervé nafasi tatu za kuwasha tanuri kubwa. Zikishindikana zote tatu, tanuri lingevunjwa, vyuma viuzwe, na watu thelathini warudi nyumbani.

Mara ya kwanza mbabula zote zilitoka zimepasuka. Mara ya pili vilevile. Udongo ulikuwa wa kichuguu, na Likasi hakuna wa kuutilia shaka udongo wa kichuguu. Sisi sote tumezaliwa ndani ya nyumba za kichuguu. Glodie alirudi na kipande mkononi, akaketi kwenye kinu kilicholazwa chini, akalia waziwazi.

Mama Angèle alikichukua kile kipande, akakigeuza, akakinusa.

"Glodie, mu ile udongo munatiyaka nini?"

"Kichuguu, mama. Kichuguu na maji."

"Ile peke? Njo maana! Minye nikiziba four yangu na kichuguu peke, inapasuka siku ileile. Nasagaka kwanza kipande ya tafari ya baba yako, nachanganya. Ona pale, miaka kumi haiyapasuka," alisema, akilionyesha tanuri lake kwa kidole.

Pembeni, Baba Isidore alikohoa. "Iko na jina, ile," alisema taratibu. "Chamotte. Ku Briqueterie tulikuwa tunatiyaka siku zote."

Mama Angèle alimgeukia polepole, na waliomjua wangesogea nyuma. "Baba Glodie. Mutoto amelia mara mbili, na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza!"

"Bangeuliza matafari ya zamani iko wapi. Ningejibu nini, minye shemasi?"

Hervé alipopata habari aliruka kwa furaha, kisha akakaa chini. Kiwandani hakukuwa na tofali la zamani hata moja la kusaga, na shimo la udongo mweupe wa kufyatulia mengine lilikuwa limejaa maji mpaka kiangazi. Wenye kampuni hawangengoja kiangazi. Akatuma gari lenye kipaza sauti lizunguke Kikula siku mbili.

"Kila muntu mwenye iko na tafari ya nyota," kipaza sauti kilipiga kelele kwa niaba ya kampuni, "société inaitafuta! Société inaitafuta!"

Injinia wa watu, alidhani ametangaza neema. Kikula yote ilielewa jambo moja tu: wamekuja kuwashika wezi. Kabla ya saa kumi hapakuwa na tofali juu ya bati lolote. Mengine yalizikwa kwenye matuta ya viazi, mengine yakapakwa tope. Pipa la Mathilde lilikuwa chini, limelala kiubavu. Upepo wa mvua ukaja alasiri hiyohiyo, na mabati mawili ya kanisa yakaonekana yakisafiri barabarani bila dereva. Gari lilirudi kiwandani na matofali matatu, na moja halikuwa hata na nyota.

Mama Angèle alipotoka sokoni alimkuta mumewe uani, tope mpaka kwenye viwiko, analipaka tanuri. Alikuwa ameshafunika nyota za upande mzima.

"Acha," alimwambia.

"Mama Glodie, batakuja."

"Bakuje. Minye njo nitabatangulia."

Alivuta kiti akakaa mbele ya tanuri lake. Aliikumbuka mikate ya kwanza iliyoungua, karo za watoto wanne zilizotoka katika mdomo ule mweusi, asubuhi zote alizopasha viganja vyake pale. Alilipenda lile tanuri. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu yeye mwenyewe alisema hivyo kwa sauti, akilipigapiga kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni. Kisha akaenda kuchukua nyundo.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, alijifunga kitenge cha Jumapili, akapanga matofali sita ndani ya beseni, nyota zikitazama juu, akajitwisha. Hakupita njia ya nyuma. Alipita katikati ya avenyu, na Mathilde akatoka mbio na mswaki mdomoni.

"Mama Angèle! Unaenda wapi na ile bintu? Batakufunga! Utaenda kulala mu gereza ya Buluo!"

"Banifunge na beseni yangu," alijibu bila kugeuza shingo. "Lakini kwanza nifike."

Watu walisimama milangoni wakimtazama akipotelea upande wa Panda. Wengine walianza kumwombea. Saa tano akarudi, beseni tupu chini ya kwapa, chupa baridi ya sukre, yaani soda, mkononi, na nyuma yake mkokoteni wa kampuni uliokuja kubeba tanuri lililobaki. Mathilde aliitazama ile chupa. Akaitazama tena. Halafu akaingia kwake kuchukua jembe.

Ilipofika adhuhuri Kikula nzima ilikuwa inachimba matuta. Matofali yalishuka Panda kwa mabeseni, kwa baiskeli, kwa mikokoteni, na kila mwenye kuleta alieleza, bila kuulizwa, kwamba yeye aliyaokota tu. Hervé aliwashukuru wote kwa heshima ileile.

Yakasagwa, yakachanganywa, na aliyesimamia mchanganyiko alikuwa Mama Angèle, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kipimo, na kipimo chake kilikuwa kopo la maziwa. Tanuri likawashwa kwa mara ya tatu, likaachwa lipoe siku tatu. Lilipofunguliwa, kati ya mbabula mia mbili zilipasuka saba. Glodie alizihesabu mara mbili, kisha akamkumbatia mama yake mpaka kilemba kikaanguka.

"Mama, kiangazi tukitoa matafari ya kwanza, tutakujengea four mupya," Hervé aliahidi.

"Aksanti. Lakini na karatasi ya kusema ni zawadi," Mama Angèle alimwambia. "Muzee wangu iko shemasi."

Wiki iliyofuata, Mama Angèle akiwa ameshaajiriwa kiwandani kuchanganya udongo, alimwona mumewe langoni. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na begani alikuwa na ule mfuko wa turubai wa zamani. Mlinzi, kijana anayeitwa Papy, alimfungulia.

"Pita, papa shemasi."

"Unipekue kwanza."

"Papa, minye napekuaka bale banatoka."

"Pekua, mutoto yangu."

Papy akaingiza mkono. Akatoa sahani ya chakula, na chini yake matofali mawili yenye nyota, yale ambayo Baba Isidore alikuwa ameyaficha chini ya kitanda siku ya gari.

"Hizi ni nini, papa?"

"Niliiba," alisema Baba Isidore, kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwenye udongo. "Ninarudisha."

Mama Angèle alicheka na kulia kwa pamoja, akajipaka udongo usoni kwa kujifuta. Kisha akamwonyesha mahali pa kuyaweka.

Siku hizi Baba Isidore analala mpaka jua litoke, na anakoroma.