Mwisho Miaka Kumi na Miwili

Hapo Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, Uchina, ndani ya jengo la Tianxiu, ukiulizia gauni za watoto za sherehe utaelekezwa kwa Swalha binti Haidar, Mzanzibari wa Kikwajuni, mwenye sauti ya juu na hasira za karibu. Alfajiri yuko soko la jumla la Shisanhang anavutana bei na mabosi wa nguo, jioni anafunga mizigo ya Unguja na Dar. Marinda ya wavu, mataji ya plastiki, viatu vya kumetameta, vyote vinapita mikononi mwake. Watoto wa mjini wanaotembezwa siku ya Idi wamevaa kama binti wafalme, wengi wamevishwa na yeye. Mwanawe mwenyewe hajapata kumvisha hata mara moja. Mganga hajigangi.

Mwana huyo ni Mwanakhamis, anayelelewa Unguja na bibi yake. Alipokuwa na miaka sita aliona kwenye simu video ya bustani moja kubwa ya michezo ya Guangzhou, ambako watoto wa kike hukalishwa kwenye viti vya dhahabu, wakatengenezwa nywele, wakapakwa rangi za uso, wakavalishwa taji na kutembezwa kwa tarumbeta. "Mama, na mimi," akasema. Swalha akamwahidi. Mwaka uliofuata biashara ilibana. Kisha ikaja korona, mipaka ikafungwa, na ilipofunguliwa kukawa na kazi iliyolala ya kuamshwa. "Mwakani, inshallah," ndiyo yakawa maneno ya kufungia simu. Ahadi ni deni, na Swalha deni hilo lilikuwa likimnyima usingizi.

Basi safari hii mtoto kaja, na keshokutwa anarudi shule. Siku ni leo, hakuna nyingine. Kizuizi kilikuwa kimoja: sharti la bustani ni miaka mitatu hadi kumi na miwili, na Mwanakhamis kesha kuingia kumi na mitatu. Swalha aliliona sharti hilo wakati wa kuagiza nafasi, akaandika kumi na miwili bila kupepesa jicho. Huyu ni mtu anayeambiwa "haiwezekani" kila asubuhi na wauzaji, na kila asubuhi huondoka na mzigo.

"Wakikuuliza, una kumi na miwili," alimwambia ndani ya treni. "Basi, usitie maneno."

Mwanakhamis alikaza mtandio wake chini ya kidevu. Tangu uwanja wa ndege hakuuvua mbele ya mtu, na Swalha, aliyedhani huo ni ukali wa bibi yake, ulikuwa ushaanza kumuudhi.

Msichana wa mapokezi alimtazama mtoto kuanzia viatu hadi kichwani, akachukua muda kufika kichwani. Kisha akaomba pasipoti ya mtoto.

"Imebaki nyumbani," alisema Swalha kwa Kichina chake cha sokoni. Pasipoti ilikuwa mkobani mwake, chini ya pakiti ya karanga. Alijikuta ameubana mkoba kwapani.

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Kwenye pazia, mpambaji alikuwa kasimama na gauni la buluu, kalifungua mgongo tayari kumvisha mtu. Mwanakhamis aliliona, akalitazama sana, na Swalha alipouona mtazamo ule aliapa moyoni kwamba gauni lile halivaliwi na mwengine.

Msichana wa mapokezi hakutaka ugomvi. Alisema kitu kwenye simu yake, akamwinamia mtoto, na simu ikatafsiri kwa sauti kavu: "Mtoto mzuri, una miaka mingapi?"

Swalha alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

"Sema, mwanangu. Watu wanangoja."

"Mama."

"Sema tu. Neno moja."

Mwanakhamis akainamisha uso. "Siwezi, Mama. Miye sasa naandikiwa."

Alisema polepole, lakini Swalha aliacha kutabasamu. Mtoto mdogo hana dhambi, kila mtu kwao anafundishwa hivyo. Ni akishabaleghe ndipo kalamu inaanza kumwandikia, jema lake na baya lake. Kumbe mwanawe kavuka, kawa mwari, na yeye mama mtu hana habari. Na jambo la kwanza alilotaka aandikiwe ni uongo, mbele za watu.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Bibi anajua?"

"Anajua, na somo yangu anayenifunda. Wamesema si maneno ya simu, utaambiwa ukija nyumbani."

Swalha alitafuta mtu wa kumkasirikia, hakumpata. Aliifungua zipu ya mkoba, akaisogeza pakiti ya karanga, akaiweka pasipoti juu ya meza. "Shisan," alisema. Kumi na tatu.

"Haiwezekani, dada," alijibu msichana wa mapokezi kwa upole, na safari hii Swalha hakubishana. Mpambaji alishalipeleka gauni kwa mtoto mwengine, kijitoto cha miaka minne hivi kilichokuwa kikilia kwa kuogopa tarumbeta.

Walikaa nje kwenye benchi, mkoba katikati yao. Swalha alikuwa na aibu, na hakuificha.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikusukuma pabaya."

"Nshakusamehe, Mama."

Wakala karanga. Mataji madogo yalikuwa yakipita mbele yao, na Swalha, kwa mazoea, aliyatambua mawili matatu ni ya kiwanda anachonunua yeye.

"Uliogopa?" aliuliza. "Siku yenyewe."

"Kidogo. Nlikupigia wewe kwanza, kabla sijamwambia Bibi."

"Mimi?"

"Ulikuwa Nansha, bandarini. Kulikuwa na kelele za winchi. Ukanambia gauni zinapakiwa kontenani, nikupigie baadaye."

Swalha aliliwazia kontena lile. Alilikumbuka vizuri: waridi mbele, buluu nyuma, saizi zote mpaka miaka kumi na miwili, na katoni moja iliyolowa kwa mvua akaibadilisha kwa mikono yake mwenyewe. Simu hakuikumbuka.