Kibanja cha Mdomoni

Bora niwaambie mwenyewe, maana mtaa wetu wa Pasiansi mzima wameshahadithiana na kila anayesimulia anatia chumvi yake: ni kweli, mimi mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa hesabu, Mhaya wa kuzaliwa na kukulia katikati ya migomba, nilikutwa mchana kweupe nimekumbatia mgomba usio na mizizi mbele ya akina mama kumi na wanne, na mkungu wake nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa kamba ya manila. Hilo la kwamba nililia nitalifikia, msiwe na haraka.

Mimi na Mama Magesa tumepakana miaka tisa. Yeye ni Mjita wa upande wa Musoma, mjane, mkunga mstaafu, ana kama miaka sabini na goti moja linamsumbua, lakini akitembea utadhani anachelewa zamu. Kati yake na mimi kulikuwa na mstari wa mijohoro aliyoipanda marehemu mumewe upande wao, mirefu, imeshonana mpaka kuku walikuwa wanazunguka kutafuta pa kupita. Mimi ile mijohoro niliipenda kuliko wenyewe. Nyuma ya nyumba yangu palikuwa ndipo penye uhuru wangu, Jumamosi nilikuwa najifunga kitenge cha mke wangu, natumbukiza miguu kwenye beseni la maji, nakaa hapo na redio yangu karibu na friza bovu na mawe (kiwanja chetu ni mawe matupu, Mwanza mnaijua) na sikuwa na wasiwasi na jicho la mtu yeyote.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Mwezi ule tuliohamia nilienda Mwaloni pale Kirumba, boti za kutoka Bukoba zilikuwa zimeshusha ndizi, nikanunua mikungu miwili, mmoja nikampelekea jirani kwa ujirani mwema. Kesho yake akaja kushukuru, akauliza, "Baba Asimwe, ndizi tamu hivi, ni za huko nyuma kwako?" Na mimi, kabla sijafikiri, nikajibu, "Ndiyo mama, za kibanjani." Basi. Neno moja hilo, kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani.

Kwa nini nilisema hivyo? Sisi Wahaya mnatutania kwamba tunajisikia, sawa, sikatai. Lakini kulikuwa na jingine. Kiwanja hiki cha Pasiansi nilikipata baada ya kuuza sehemu yangu ya kibanja alichotuachia baba, na kwetu kibanja hakiuzwi, ndimo walimolala wazee. Nilikuwa sijamwambia mtu hapa Mwanza. Niliona nikikubali kwamba Mhaya mzima sina hata mgomba mmoja, swali linalofuata litakuwa, na kwenu je, kwa baba yako? Swali hilo ndilo nililokuwa nalikimbia miaka yote tisa.

Mama Magesa si mtu wa kula ndizi akanyamaza. Alitaka kujua. Akawa anakuja barazani na daftari, ananiuliza, na mimi namwaga yote niliyofundishwa na baba: shimo lichimbwe pana namna gani, samadi ikae muda gani, majani yaliyokauka yapelekwe wapi, kwamba kila shina waachwe watatu tu, mama, mtoto na mjukuu, wengine waondolewe. Nikawa natamba hasa. Baadaye akakusanya akina mama wa jumuiya yetu wakaunda kikundi, nikawa nawafundisha pale kwenye uwanja wa kanisa, wakanipa na jina, Mwalimu wa Migomba. Kila walipoomba kuja kukiona kibanja nilikuwa na sababu. Mara nimepulizia dawa. Mara kuna mbwa mkali. (Mbwa sijawahi kufuga maisha yangu yote.)

Alhamisi moja jioni akabisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja na jambo dogo. Hii mijohoro Jumamosi naikata. Tawi limeshaniangukia juu ya jiko na mvua hii, halafu inakunywaga maji yote. Nimesema nisikushtukize, ni jirani yangu."

"Na akina mama nimewaambia waje," akaendelea, uso umemchangamka, "maana siku zote unasemaga dawa, unasemaga mbwa. Sasa tutakiona hata tukiwa kwangu."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Alikuwa peke yake, amesimama mlangoni kwangu, mtu mpole. Nikasema, "Hamna shida mama, kata tu."

Mke wangu alikuwa anasikia. Alipoondoka mgeni akaniambia, "Mfuate. Leo unamwambia mtu mmoja. Jumamosi utawaambia kikundi kizima." Mke wangu ana akili sana, na mimi siku hiyo nilikuwa nimepanga kutomsikiliza.

Ijumaa nikamtafuta bwana mmoja anayewapambia watu kumbi, wale wanaosimamisha migomba mizima getini siku ya sherehe. Nikamwambia nahitaji kumi na miwili, yenye majani mazuri.

"Harusi ya nani, mzee?"

"Send-off ya binti yangu."

(Asimwe yuko kidato cha pili. Yule bwana akanipa mkono wa hongera na mimi nikaupokea.)

Jumamosi alfajiri guta likashusha migomba uani, pamoja na mikungu minne niliyoifuata Mwaloni jana yake jioni. Nikachimba. Jamani, kuchimba mashimo kwenye mawe! Jembe linagonga linarudi, kila shimo likanitoa jasho na halikufika hata kiwiko, kwa hiyo kila mgomba nikausindilia kwa mawe, halafu kwa usalama zaidi nikaifunga yote kwa waya, huu na huu, huu na huu, mpaka wa mwisho. Kisha mikungu nikaining'iniza kwa manila na kuficha mafundo kwa majani makavu. Mke wangu alikuwa amekaa mlango wa jikoni na kikombe cha chai, ananitazama. Mara moja tu alicheka, chai ikamtokea puani.

Saa tatu fundi akawasha chenso. Mijohoro ikaanza kulala mmoja mmoja kwenye uwazi wa upande wa Mama Magesa, ikarundikana mpaka nisione nyuma ya nyumba yake, lakini wao, waliosimama mbele ya rundo, wakaniona mimi. Mwanga ukaingia uani kwangu kama kuna mtu kafungua dirisha, na nikasikia vigelegele. Kumi na wanne! Nawaambia ukweli wangu, kwa dakika zile chache nilisahau kabisa kwamba ni uongo. Nilisimama katikati ya migomba yangu ya send-off, mkono kiunoni, nikajiona mwenye kibanja.

Wakazunguka kwenye ncha ya mstari wakaingia, na madaftari yao. Mama Devota, ambaye hana neno la kumung'unya, akasimama mbele ya mkungu wa tatu, akainamisha shingo hivi.

"Mwalimu, mbona huu vidole vinaangalia chini?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeufunga juu chini. Mhaya! Mtoto wa miaka mitano kwetu asingefanya kosa lile.

"Hiyo," nikasema, "ni mbegu mpya. Ya utafiti."

Kalamu kumi na nne zikaandika.

Jua likapanda, na mgomba uliokatwa mkiujua, jua halichezi nao. Majani yakaanza kunywea. Mwingine akauliza mbona yanasinzia. Nikasema aina hii hupumzika mchana. Wakaandika na hilo.

Wakati huo Mama Magesa alikuwa haandiki. Alikuwa anazunguka taratibu, anaangalia chini kwenye mashina. "Mwalimu," akaniita, "huyu mama ninamuona. Mtoto wake yuko wapi? Na mjukuu?" Kisha akainama atafute mwenyewe, lile goti likamuuma, akashika mgomba ajiegemeze.

Mgomba ukaenda naye. Pembeni ni mawe, jamani, na ni mtu wa miaka sabini. Niliruka, mkono mmoja nikamdaka yeye, mwingine nikaukumbatia mgomba, na waya ukavuta mgomba wa pili, wa pili ukavuta wa tatu, ikaenda hivyo mpaka wa kumi na mbili, chwaa, chwaa, chwaa, na ule mkungu wa utafiti ukakatika ukabingirika hadi miguuni kwa Mama Devota na kamba yake ya manila.

Kwa mbali nikasikia chenso ikizimwa, hata fundi alikuwa anaangalia.

Mama Magesa akasimama sawasawa. Akauangalia mgomba mikononi mwangu, kile kitako chake kilichokatwa kwa panga, kisha akaniangalia usoni. Halafu akawageukia wenzake, hata tabasamu hana.

"Andikeni," akasema. "Mgomba usio na mizizi, jua likitoka unanywea, ukiuegemea unaanguka. Mwalimu ametuonyesha kwa vitendo."

Na wakainama kuandika!

Ndugu zangu, mimi nimewaona watu wakubwa wa kila namna, lakini sijaona ukubwa kama ule. Angeweza kucheka. Angeweza kuuliza, na alikuwa na haki, miaka tisa ya uongo na karibu nimvunje goti la pili. Lakini yule mama maisha yake yote amekuwa akiwapokea watu katika hali ambayo hawataki waonekane nayo, na hajawahi kumtangaza hata mmoja. Alinifungulia mlango nitoke na heshima yangu, akaushikilia wazi. Ningenyamaza tu, mngekuwa hamnicheki leo.

Nikashindwa. Sijui ni ule wema ulionikaba. Nikasema, "Hapana akina mama. Futeni." Nikawaambia yote, ndizi za Mwaloni, migomba ya mapambo, mbwa ambaye hayupo. Nikaona nimeshaanza, nikamaliza na lile la baba, kwamba nilikuwa na kibanja cha kweli nikakiuza, kaburi lake liko kwenye shamba la mtu mwingine. Hapo ndipo sauti ilipokatika. Haya, nililia, mmeridhika?

Mama Devota akauliza polepole, "Na ile ya kupumzika mchana?"

"Futa, mama."

Walicheka! Mmoja alilazimika kukaa juu ya friza. Na mimi, machozi bado yanatiririka, nikajikuta nacheka nao.

Mama Magesa ndiye hakucheka. Akasubiri wanyamaze, akaniuliza, "Na haya mengine? Ya shimo, samadi, mama na mtoto na mjukuu? Yenyewe pia ni ya uongo?"

"Hapana mama. Hayo ni ya baba. Hayo ni kweli tupu."

"Basi njoo huku."

Akanishika mkono, tukazunguka lile rundo la matawi. Miaka tisa nilikuwa sijatia mguu nyuma ya nyumba yake, na ile mijohoro niliyoishukuru kwa kunificha ilikuwa imenificha na mimi nisione. Mawe ni yale yale ya kwangu. Lakini yeye alikuwa amebeba udongo kutoka bondeni, beseni kwa beseni, kichwani, na goti lile, akajaza kila mwanya kati ya jiwe na jiwe, na katika kila mwanya kulikuwa na mgomba umesimama na mtoto wake na mjukuu wake. Chini matandazo mazito, ukikanyaga husikii mguu wako. Mibuni mifupi kivulini. Hata njia ya kuingilia alikuwa ameipindisha kidogo, kama baba alivyokuwa anapenda ili mgeni asikione kibanja chote kwa mara moja. Hilo nilimsimulia lini, hata sikumbuki.

Nikasimama pale katikati, mikono haina pa kwenda. Nikamwambia, "Mama, hapa ni kwa baba."

"Wewe ulikuwa unaongea," akasema, "mimi nilikuwa nachimba."

Siku chache baadaye nilipendekeza tujenge ukuta, kila mtu awe na faragha yake. Akakataa. "Ukuta wa nini, baba, na sasa nakuona vizuri?" Basi kitenge nimemrudishia mke wangu, beseni limehamia ndani, na kila Jumamosi kabla sijamaliza kupiga mswaki nasikia sauti kutoka kule, "Mwalimu! Jembe limelala?"

Kwa hiyo nimeapa, na nawaapia na ninyi, kitu nisicho nacho nitasema sina, hata anayeuliza awe mkwe wangu. Kuwa uchi mbele ya akina mama kumi na wanne kunatosha mara moja maishani.

Sasa nina migomba sita, ya kweli, machipukizi ya kwake. Juzi nilikuwa napanda wa saba, jua kali, nimechoka, nikaona shimo la nusu linatosha, nani atajua. Yeye alikuwa upande wake anapukuchua maharage, hata kichwa hakuinua.

"Chimbua," akasema. "Baba yako hapandi hivyo."

Nikachimbua.