Orodha Iliyokataa Kutumwa Kavimvira

Wanaosema nilikuwa nimelewa waje waniambie usoni. Mimi pombe sinywi, na ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, mlango wazi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, katika shule moja ya Kavimvira.

Prefe, yaani mkuu wa shule, aliniita nitengeneze kompyuta ya sekretarieti, lile dude la zamani la mezani. Orodha ya wanafunzi wa mtihani wa taifa ilipaswa kutumwa kabla ya saa kumi na moja, na intaneti, ambayo huingia kwa waya, ilikuwa inakatika. Ambaye jina lake halifiki siku hiyo hafanyi mtihani.

Nikaingia chini ya meza. Kile kitaa cha nyuma, pale waya unapochomekwa, kinawaka kijani vizuri. Nikibonyeza kutuma, kinazimika. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha na kadi ya mtandao. Kijani tena. Natuma, kinazimika. Ungefanya nini? Mimi nilitukana.

Kuinua kichwa, namwona mzee ameketi kwenye kiti cha sekretari, sweta ya kijivu, kalamu nyuma ya sikio. Sikumsikia akiingia, niamini.

"Weye iko unasumbua kabule bure," akasema, akiuonyesha ule waya. "Kabule iko muzima. Jina ya Furaha iko wapi?"

"Papa, miye niko fundi tu. Majina iko kazi ya prefe."

"Fungua rejista."

Nikaifungua ili aniache nifanye kazi. Furaha, wa kwanza darasani, amepigwa mstari mwekundu, na pembeni imeandikwa "abandon", yaani ameacha masomo.

"Hakuacha," mzee akasema. "Alikuwa ku kilio."

Nani kwetu asiyejua kwamba mtoto aliyefiwa hukaa nyumbani mpaka matanga yaishe? Damu ilinichemka. Nikaliandika jina, nikabonyeza, orodha ikaenda mara moja. Nikageuka nimshukuru. Kiti kilikuwa kitupu, na vumbi lake halijaguswa.

Prefe akaingia, akauliza nani aliniruhusu kuongeza jina. Nikamtajia mzee wa sweta ya kijivu. Akakaa chini, palepale sakafuni.

"Ule alikuwa sekretari wetu," akasema polepole. "Tulimuzika mwezi ulipita. Furaha ni binti yake."

Hebu fikiri! Prefe huyohuyo alikwenda matangani, akala ugali na samaki wa watu, akamwona yule binti ameketi mkekani, kisha akarudi ofisini kumwandikia kwamba ameacha masomo. Nilimwambia yote hayo, na sijutii.

Furaha alifanya mtihani. Shule ile haijaniita tena, na iwe hivyo. Lakini hadi leo, popote kitaa cha kijani kikizimika, waya siugusi kwanza. Nauliza ni nani ameachwa nje ya orodha, na watu hunicheka.

Nanyi wenye kalamu nyekundu, jichungeni. Mtoto mnayemfuta ana mwenyewe, hata kama huyo mwenyewe mlimzika kwa mikono yenu.